Pasi ya Senje Ayuma

Jumapili, 2 Juni 1996

Jana tumepiga video, na leo sina mguu wala mgongo. Naandika nimelala chali, daftari liko tumboni.

Ilikuwa sikukuu ya Madaraka, viwanda vyote vya Baba Dogo vimefungwa, kwa hiyo kwaya nzima ilipatikana: watu kumi na watatu, magauni tisa na mashati manne, buluu yenye kola nyeupe. Kamera ya chuo hutolewa siku moja tu kwa muhula. Ukiirudisha umeirudisha, usilie. Mimi na Kawsar tumeigawana kama chapati. Kawsar ndiye mwenzangu darasani, anatoka Eastleigh, na tangu jana anaimba wimbo wa kwaya yetu ya Lucky Summer kuliko wanakwaya wenyewe. Wimbo unaitwa "Tumeamka". Mama yake, Mwislamu wa swala tano, akimsikia tutakoma.

Senje Ayuma hakuwa kwenye kamera. Senje ni dada yake baba, ndiye ninayekaa naye hapa, anafanya kazi kiwanda cha mabeseni. Alikuwa kwenye kwaya miaka sita. Mwenyekiti, Bwana Kweyu, ana sheria: ukikosa mazoezi mara tatu unarudisha sare. Senje alipangiwa shifti ya Jumamosi, akakosa mara tatu, akarudisha. Hiyo ilikuwa mwezi wa pili. Lakini sare zote kumi na tatu bado wanamletea azipige pasi, kwa sababu hakuna mwingine anayeweza yale marinda, na yeye bado anazipokea! Mimi ningewarudishia na makunyanzi yao.

Kitu kimoja tu kiliniudhi. Asubuhi Kawsar alisimamisha kamera uani, akailenga meza ya Senje eti anajaribu mwanga, halafu akaenda kunywa chai bila kuizima. Mimi nami nilikuwa nacheza kaseti ya wimbo kwenye redio ya nyumbani, nikiurudisha mara tatu, nikisikiliza kama sauti itafika uwanjani. Tuliposhtuka, dakika ishirini za kanda zilikuwa zimeliwa na Senje na pasi yake ya makaa. Nilimfokea Kawsar mpaka kuku wa jirani wakakimbia.

Jumanne, 4 Juni

Tumepewa zamu za mashine za kuhariri: Jumanne na Alhamisi, saa mbili hadi saa tano asubuhi. Hakuna zamu nyingine hata ukilia.

Alhamisi, 13 Juni

Nimemaliza! Dakika nne na sekunde kumi. Wote wamo. Nilichora jedwali nyuma ya daftari hili, majina kumi na matatu, na kila nikimweka mtu napiga alama. Hakuna atakayeniambia "mbona mimi sionekani". Dada Nabiswa, ambaye sauti yake ndiyo inayoongoza wimbo, nimemwongezea mara mbili, maana yule asipojiona atanuna mpaka Krismasi.

Kawsar alisema midomo ya watu inachelewa kidogo huko mwishoni. Nilimwambia hakuna anayetazama midomo.

Jumatatu, 17 Juni

Baridi. Manyunyu. Kesho Madam Kavutha anatazama kazi zetu.

Jumanne, 18 Juni

Nimerudi nyumbani kwa miguu kutoka kituoni, sijasalimia mtu, na Senje ameniuliza mara tatu nani amekufa.

Madam Kavutha ni mwalimu wetu wa kuhariri. Mwembamba, miwani ameifunga kamba shingoni, na hasemi neno mpaka kazi iishe. Alitazama mara ya kwanza, kimya. Akarudisha kanda, akatazama tena, huku akipiga vistari kwenye karatasi. Nilidhani ananipa alama. Nikamkonyeza Kawsar.

"Lenah," akasema, "hii si video. Hii ni rejista."

Darasa zima likacheka. Nilitamani sakafu ifunguke.

"Nimehesabu nyuso arobaini na moja kwa dakika nne. Hakuna hata mmoja niliyemjua. Kila nikianza kumpenda mtu, unaniondolea."

"Madam, lazima wote waonekane. Kila mmoja amewaambia watu wa kwao."

"Watu wa kwao hawako hapa. Niko mimi." Akavua miwani. "Na midomo. Ubeti wa kwanza inachelewa kidogo. Wa pili wako nyuma. Wa tatu wanaimba wimbo mwingine kabisa. Mlipiga picha na nini, jamani?"

Inafaa nieleze, hata kama hili ni daftari langu. Unapopiga video ya muziki, redio inacheza wimbo uliokwisha rekodiwa, na waimbaji wanaufuata. Halafu huku mezani unachukua picha peke yake na kuilaza juu ya wimbo wenyewe. Kwa hiyo mdomo na sauti vinapaswa kukutana. Vyangu havikutani. Ni kama watu wawili waliokosana, wanapishana njiani.

Madam akaandika karatasi, akanipa. Ninayo hapa. "1. Midomo. 2. Nipe mtu mmoja nikae naye. Wengine waje kwangu kupitia kwake. 3. Barua ya kwaya yenye sahihi, kwamba wameiona kazi na wameikubali. Ijumaa tarehe 12 Julai. Rudia."

Neno lile la mwisho amelipigia mstari. Nisipopita hapa narudia mwaka mzima, na cheti kinangoja mwakani. Nimeshawaambia nyumbani namaliza mwezi wa nane. Baba ameshatangaza kanisani.

Jumatano, 19 Juni

Madam Kavutha hana moyo, ana saa ya ukutani.

Alhamisi, 20 Juni

Leo tumefanya uchunguzi kama polisi, ila sisi hatukuomba chai. Kawsar alikuja na saa ya kaka yake Sharmarke, ile ya kupimia mbio. Tukapima wimbo kwenye kaseti: dakika nne na sekunde kumi. Tukapima tulivyoupiga uwanjani saa tano: nne na ishirini na tano. Tukapima ule wa saa tisa, pale ngazini: dakika nne na sekunde hamsini!

"Kwaya yenu inachoka," Kawsar akasema.

"Kwaya yetu haichoki."

"Basi ni wimbo uliochoka."

Tulicheka, lakini mimi kicheko hakikufika chini. Kupiga upya haiwezekani, kamera iko na wengine. Kumweka mtu mmoja, vipi, kama kila mtu ukikaa naye zaidi ya sekunde mbili mdomo wake unaanza kuburuta?

Ijumaa, 21 Juni

Sina la kuandika. Ugali na sukuma.

Jumapili, 23 Juni

Nimejua. Na ni mimi. Loo, ni mimi mwenyewe!

Baada ya ibada tulikuwa tunasikiliza kaseti ya mahubiri kwenye redio, mhubiri akaanza kusema polepole, sauti ikawa nzito kama ya mlevi. Senje akainuka bila hata kukunja uso, akatoa betri nne, akazipanga dirishani juani. Kajua kenyewe kalikuwa kadogo, kakichungulia tu.

"Zikipata jua zinaamka," akasema.

Nikaziangalia zile betri, nikakumbuka!

"Senje. Asubuhi ya Madaraka nilitoa betri hapo dirishani."

"Ulitoa zangu. Mimi nilikuwa nimezianika tangu Alhamisi."

"Lakini mpya za kwaya niliziweka hapo hapo!"

"Nikaziondoa zisiharibike." Akaenda kwenye rafu, akasogeza mkebe wa unga, na kumbe ziko pale nyuma, nne, zinang'aa. "Betri mpya haianikwi, Lenah. Umesoma wapi?"

Nilimjibu vibaya. Nilisema maneno ya kusema kwa mtu wa rika lako, si kwa dada ya baba yako. Nilisema kila kitu cha nyumba hii kimetumika mara mbili, ndiyo maana hata yeye mwenyewe watu wanamtumia na kumwacha. Senje alichukua beseni akaenda kufua.

Ndiyo hivyo. Betri zilizoanikwa zina nguvu saa moja, saa moja na nusu, halafu zinaanza kufa kidogo kidogo. Kaseti ikaenda polepole, kwaya ikaifuata, na kwa sababu ngoma zilikuwa zinalia hakuna aliyesikia. Mimi ndiye niliyezitoa. Sikuuliza hata. Nilimfokea Kawsar kwa dakika ishirini za kanda na mimi nimeharibu siku nzima.

Jumatatu, 24 Juni

Nimemwomba Senje msamaha. Akasema, "Chota maji." Kwa Senje hiyo ni kusamehewa.

Jumanne, 25 Juni

Kawsar ndiye aliyefikiri, mimi nilikuwa bado najipiga kifuani. Kama betri zilikuwa na nguvu asubuhi tu, akasema, basi tutafute kila tulichopiga asubuhi. Nikamwambia asubuhi hatukupiga kitu. Akaniangalia.

"Maze, si ulinitukana juu yake?"

Tukaweka ile kanda. Dakika ishirini za Senje.

Sijui nianzie wapi. Amesimama mbele ya meza yake, sweta la kijani, leso kiunoni, mlima wa sare kulia kwake. Alikuwa ameshazipiga pasi tangu alfajiri, sasa anamalizia kola na marinda. Anachukua moja, anaikung'uta, anaisoma namba kwenye kola (zimeshonwa kwa uzi mwekundu, moja hadi kumi na tatu), analaza pasi, anatundika kwenye waya. Redio inacheza nyuma yake, na Senje anaimba. Si kunung'unika, anaimba! Mdomo na sauti havipishani hata nukta. Na ngoma zikifika pale zinapolia peke yake, yeye anajaza maji mdomoni kutoka kwenye kikombe, fuuu, anayanyunyiza kwenye kola, na ngoma zikiisha mdomo uko tayari kwa ubeti unaofuata. Mara zote tatu. Hakukosa hata mara moja.

Nilikuwepo siku hiyo. Nilisimama hatua nne kutoka kwake na redio mkononi, na sikuona kitu.

"Mtu mmoja nikae naye," Kawsar akasema kwa sauti ya Madam Kavutha, kamba ya miwani na yote.

Halafu yeye mwenyewe akapata la pili. Sare ina namba, namba ina mwenyewe. Senje analaza pasi kwenye namba nne, tunakata, tunamwona wa namba nne uwanjani anaimba, sekunde mbili tu, kabla mdomo haujaanza kuburuta, halafu tunarudi kwa Senje. Watu kumi na watatu wamo. Rejista imo. Ila sasa kila mtu anafika kupitia mikono ile.

Nilimkumbatia pale pale. Mlinzi wa chumba cha mashine akasema hapa si arusini.

Alhamisi, 27 Juni

Kuhariri kwa hizi mashine mbili ni kama kushona sweta: ukikosea mstari wa kumi unafumua mpaka wa kumi. Moja inacheza, nyingine inarekodi, kipande baada ya kipande. Ukitaka kuongeza nukta moja katikati, vyote vinavyofuata unaviweka upya. Leo nimeweka mara tatu mpaka namba tano. Sijachoka hata kidogo.

Kuna mahali pananisumbua. Senje akishika sare namba saba anaacha kuimba. Anaipitishia mkono juu, taratibu, anaisogeza kola hivi na hivi, kama sekunde kumi na mbili, mdomo umefungwa. Nilitaka kukata. Madam Kavutha alikuwa mlangoni, sikumsikia akiingia.

"Hapo acha," akasema, akaenda zake.

Jumapili, 30 Juni

Nimekwenda kwa Bwana Kweyu baada ya ibada, kumweleza kazi ilivyobadilika na kumwomba ile barua. Bwana Kweyu ni mtunza stoo, na hata mazungumzo anayatunza hivyo hivyo, kila neno linaandikwa linapotoka. Alinisikiliza huku kafungua daftari lake.

"Kwa hiyo katika video ya kwaya," akasema, "anayeonekana kuliko wote ni mtu aliyerudisha sare."

"Anaonekana akizipiga pasi sare zenu, Bwana Mwenyekiti."

"Sheria niliiandika kwa mkono wangu. Nikiweka sahihi hapo, kesho nani atakuja mazoezini? Hapana, binti yangu. Iweke ile ya kwanza. Ile ilikuwa na watu wote."

Nilikumbuka adabu yangu mlangoni tu, baada ya kuwa nimeshasema, "Ile ya kwanza ni takataka." Bila sahihi yake narudia mwaka. Yeye anajua, nilimwambia mwenyewe, mjinga mimi.

Senje sijamwambia. Hajui hata kama yumo.

Jumatatu, 1 Julai

Manyunyu tena. Mbwa wa plot yetu ya wapangaji amelala kwenye jivu letu.

Jumanne, 2 Julai

Umeme ulipotea saa tatu, ukarudi saa tano kasoro kumi. Nimefanya namba sita tu. Kawsar amefundisha mlinzi "Tumeamka". Sasa wanaimba wawili.

Jumatano, 3 Julai

Nilikutana na Dada Nabiswa bombani. Nilikuwa nimemkimbia wiki nzima kwa sababu katika video mpya amebaki na sekunde sita, yeye mwenye sauti. Akanizuia na mtungi.

"Nasikia umenitoa."

"Sijakutoa, Dada. Umo. Ila kidogo."

"Nani amechukua nafasi yangu?"

Nikamwambia. Nikangoja mvua ya maneno. Nabiswa akaweka mtungi chini.

"Miaka sita nimesimama karibu na Ayuma," akasema. "Nikisahau maneno nilikuwa natazama mdomo wake. Sasa natazama ukuta." Akapandisha mtungi. "Ilete tuione. Mtu asikatae kitu ambacho hajaona. Mimi nitawaita wote, pamoja na Kweyu wako."

Huyu ndiye niliyesema atanuna mpaka Krismasi. Nimefuta ile sentensi huko nyuma, halafu nikairudisha. Ikae pale inisute.

Alhamisi, 4 Julai

Nimemaliza saa tano kasoro dakika mbili, mlinzi ameshashika funguo. Namba saba ile anavaa Muhonja, msichana aliyeingia kwaya mwezi wa tatu. Baada ya Senje kunyamaza zile sekunde kumi na mbili, nimemweka Muhonja anacheka uwanjani, jua limempata usoni.

Nilipofika nyumbani nilimwuliza Senje, kama mtu anayeuliza bei ya nyanya, sare yake ilikuwa namba gani.

"Saba," akasema. "Mbona?"

Nikasema tu nilikuwa nataka kujua. Nikaenda nje nikakaa juu ya mtungi. Kwa hiyo alipoishika ile sare alikuwa anashika yake. Na mimi nilitaka kukata.

Jumapili, 7 Julai

Niandike yote kabla sijasahau.

Sharmarke alituazima televisheni na deki kutoka dukani kwao, akazileta mwenyewe kwa mkokoteni, na Kawsar juu yake amezikumbatia zisianguke. Tulizifunga kwenye chumba cha ibada baada ya watu wa ibada ya pili kutoka, kwa waya mrefu uliotoka kwa jirani kinyozi. Wanakwaya wote kumi na watatu walikuja. Bwana Kweyu alikaa mbele, daftari magotini. Senje alikuja kwa sababu nilimdanganya kwamba nahitaji mtu wa kubeba waya. Alisimama nyuma karibu na mlango.

Nikabonyeza.

Senje alipojiona kwenye kioo alisema, "Ala!" kwa sauti, halafu akajiziba mdomo na leso. Baadaye sikumsikia tena, maana kelele zilianza. Namba moja, namba mbili: "Hiyo yangu! Hiyo yangu!" Hawakuwa wanangoja sura zao, walikuwa wanangoja kola zao! Mtu anaitambua sare yake ingali mezani, anawaambia jirani zake, halafu tap, anajiona mwenyewe ndani yake. Pale Senje aliponyunyiza maji na ngoma, Kawsar alipiga makofi na kanisa zima likafuata. Namba saba ilipofika wakanyamaza. Wao walijua ilikuwa ya nani. Muhonja aliangalia chini, akaishika kola yake kwa vidole viwili.

Ilipoisha walitaka tena. Bwana Kweyu akainua mkono.

"Rudisha mwanzo. Pale namba moja. Simamisha."

Namba moja ni shati lake. Picha ilitetemeka, lakini ilionekana: Senje ameifungua kola, anapiga pasi upande wa ndani, na mshono wa upande huo ni wa mkono.

"Hii kola," akasema, "nani aliigeuza?"

Halafu kutoka mlangoni, "Ni mimi, Bwana Mwenyekiti. Mwezi wa nne. Ilikuwa imekwisha upande wa juu. Nikaifumua nikaigeuza."

"Mwezi wa nne ulikuwa umesharudisha sare."

"Ndiyo. Lakini shati lilikuwa limechanika."

Bwana Kweyu alipitisha kidole kwenye kola yake, nyuma ya shingo, akautafuta mshono, akaupata. Amevaa shati hilo miezi mitatu akidhani kola ni ile ile. Alikaa hivyo, kidole shingoni, mpaka watu wakaanza kukohoa.

"Shida yangu iko pale pale," akasema mwishowe, lakini sauti yake haikuwa ya stoo. "Anayeongoza video ya kwaya hana sare."

"Basi si apewe!" akasema Nabiswa.

Wakacheka wote. Muhonja akasimama, akasema Senje achukue yake, namba saba, yeye atangoja. Senje akakataa palepale. "Mimi sivui mtu nguo. Kaa chini, mama. Imekukaa vizuri."

Bwana Kweyu akafungua daftari. Tulidhani anasoma sheria. Alikuwa anaandika. Akasoma alichoandika: sare ya kumi na nne ishonwe. Na mazoezi yatoke Jumamosi yaje Jumapili baada ya ibada, "kwa kuwa Jumamosi nusu yenu huja kusinzia". Halafu akaomba ile barua yangu, akaweka sahihi, akaipiga tarehe na saa.

Senje aliondoka kabla ya mara ya pili. Nilimkuta nyumbani anapanga makaa, macho mekundu.

"Ungeniambia unanipiga picha," akasema, "ningevaa sweta lile jipya."

Jumatatu, 8 Julai

Nimelala mpaka saa tatu. Raha!

Ijumaa, 12 Julai

Madam Kavutha alitazama mara moja tu. Nilingoja arudishe kanda, hakurudisha. Akavua miwani, akaiacha ining'inie.

"Huyu mama ni nani?"

"Senje wangu, Madam."

"Umekaa naye siku ngapi?"

Nilidhani anauliza za kuhariri, nikaanza kuhesabu zamu. Halafu nikaelewa. "Miaka miwili," nikasema.

"Haya." Akaandika. Nimepita. Sijarudia mwaka! Kwenye karatasi kuna mstari mmoja zaidi: midomo inachelewa bado namba tatu na namba kumi na moja, "najua, na wewe unajua". Kweli najua. Nikipata zamu nyingine nitaipunguza nukta mbili. Kawsar anasema niache, mtu akiacha kukosea ujue amekufa.

Nilifikiri yule mwanamke ana saa ya ukutani. Anayo, ila inasema kweli.

Jumamosi, 20 Julai

Jua limetoka, la kwanza kwa wiki mbili. Fundi ameleta sare ya kumi na nne asubuhi, namba imeshonwa kwa uzi mwekundu. Kesho kwaya inaimba na video itaonyeshwa tena, watu wa Baba Dogo wamealikwa.

Senje alirudi kutoka shifti, akanawa, akawasha makaa kama kawaida, akaweka mlima wake wa sare mezani. Kumi na tatu alizimaliza. Ya kumi na nne nikaishika mimi.

"Hii si kazi yako leo," nikamwambia. "Kaa."

Akakaa kwenye kigoda, lakini kukaa kwenyewe! "Makaa yamezidi, peperusha. Kola kwanza. Ndani, halafu nje. Usivute kitambaa, sukuma pasi." Dirishani betri za zamani zimelala juani kwa safu, nne. Redio ina mpya, niliweka mwenyewe, nikazihakikisha mara mbili. Nikacheza kaseti. Senje akaanza kuimba palepale kigodani. Zilipofika ngoma akapiga kelele, "Sasa! Maji!" Nikajaza mdomo, nikapuliza, nusu ikaenda kwenye kola na nusu kifuani kwangu. Senje alicheka mpaka akashika meza. Sijamsikia akicheka hivyo tangu nihamie hapa, na nimefurahi kuliko nilivyofurahia ile alama.

Nilipomaliza nikampa. Akaiinua juani, akaigeuza mbele na nyuma, akapitisha kidole kwenye kila rinda. Nilisubiri aivae. Akanirudishia.

"Rudia," akasema. "Upande huu haujalala."

Nikarudia.